Postikadi ya Barabara ya Boma

Jumatatu, 3 Juni 2024

Leo kuna mgeni! Kijana wa miaka kama thelathini na tano, shati limepigwa pasi, begi kalikumbatia kifuani. Ameanzia juu kwenye Boma la Mjerumani, akashuka barabara nzima akisimama mbele ya kila nyumba. Anatazama kitu mkononi, anatazama nyumba. Mimi niko barazani na cherehani yangu, naona yote. Mtu anayepima nyumba za watu kwa macho hana nia njema.

Akafika kwangu. Shikamoo mama. Marahaba. Anaitwa Juvenali, mwalimu, kwao Kibimba huko Ngara. Eti anakusanya postikadi za zamani. Postikadi! Nikamuuliza, shule zimefungwa? Akasema ni likizo. Nimempigia binti yangu Irine kuhakikisha — kweli ni likizo. Lakini likizo si sababu ya kuzikodolea macho ngazi zangu.

Sikumpa kiti.

Jumanne, 4 Juni

Ahaa! Gidioni, mwenyekiti wetu, kapita asubuhi. Wapimaji wanakuja Jumanne ijayo. Kila mtu asimame mpakani na jirani yake, wakubaliane, vigingi vichimbiwe, hati zitoke. Sasa — wapimaji wiki ijayo, mtu wa picha wiki hii? Katumwa. Swali ni nani kamtuma.

Nina watu wawili kichwani. Wa kwanza kaka yangu Jovitus, wa Lusahunga, anayewauzia chakula madereva wa malori. Tangu tumzike mama hajaacha kuniuliza habari za "ile nyumba". Wa pili ni Bibi Petronila, jirani yangu wa upande wa chini. Mjane, themanini na ushee, macho yameingia ukungu, mpole mno. Wapole ndio wa kuangaliwa.

Mama alisema mpaka anakufa: wale wamekula mpaka wetu. Marehemu mume wa Petronila alisogeza miramura usiku usiku. Kwetu mti wa mpaka ni mramura, na hauguswi. Ukikauka mnakwenda wawili, jirani na jirani, mnapanda mwingine kwenye shimo lilelile. Anayeusogeza peke yake, watu hawali kwake hata msibani.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempigia Jovitus. Nikamshtukiza: unamjua Juvenali? Akakohoa. Halafu, Juvenali gani tena dada, mimi napakua vitunguu hapa. Kile kikohozi sijakipenda.

Mchana mwalimu akarudi. Safari hii nimempa kiti na chai ili aongee. Katoa kadi tano, kila moja ndani ya plastiki yake. Anasema kazinunua kwa mtandao kutoka kwa mzee mmoja Mjerumani. Nyuma kuna maandishi ya wino na stempu, mwaka 1911. Maandishi ya mbele, kasema, maana yake ni Barabara Kuu.

Basi nikaona. Barabara yetu! Nyeupe, pana, haina pikipiki hata moja. Juu Boma lilelile. Askari wawili wenye kofia za mkia, mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani, wote wamesimama wima kama wamekatazwa kupumua. Na mkono wa kulia — duka la Mwarabu, ambalo babu alilinunua baadaye, na ndimo ninamolala mimi! Ngazi zake tatu za mawe, hizihizi ninazofagia. Machozi yalinitoka, kwa nini nifiche. Nikajifanya ni moshi wa mkaa wa pasi.

Kando ya duka kuna kitu kama mstari wa miti. Imefifia, lakini ni miramura. Moyo ukaruka! Ushahidi huo, kabla mume wa Petronila hajazaliwa. Nikamwambia mwalimu aniachie hiyo moja mpaka wapimaji wapite. Nilitegemea akatae, au ataje masharti. Akasema, kaa nayo mama, hiyo ni nyumba yako. Hana nakala nyingine. Hakuandika hata karatasi. Mtu wa namna gani anaacha kitu chake hivi hivi?

Ijumaa, 7 Juni

Kikao cha mtaa. Nimesimama mbele ya watu wote nikasema ninayo picha ya mpaka wangu, ya mwaka 1911, nitaileta siku ya vigingi, na picha haina shangazi wala mjomba. Watu wakapiga makofi. Gidioni kaandika kwenye daftari lake. Bibi Petronila alikaa na mikono juu ya fimbo. Nikajisemea, umepatikana leo.

Jumapili, 9 Juni

Afadhali nisingekwenda misani, maana nimetoka kanisani na furaha nikasema sasa niiangalie vizuri. Nikaiweka kadi juani, nikaipiga picha kwa simu, nikaivuta ikawa kubwa.

Mramura wa kwanza umegusana na ngazi. Umegusana! Kutoka pale mstari unanyooka kwenda nyuma. Leo kutoka ngazi hadi miramura ni hatua kumi na nne. Nimezihesabu mara nne. Na zote zimetoka kwa Petronila, zimeingia upande wangu.

Nikasema Mjerumani alipiga picha kimshazari. Nikavuka barabara, nikasimama alipokuwa kasimama, bodaboda wakinipigia honi. Ngazi zikakaa sawasawa na kadi, Boma likakaa sawasawa. Miti tu ndiyo haikukaa.

Ndani ya hatua hizo kumi na nne kuna jiko langu. Na kuna kaburi la mama.

Halafu nikakumbuka. Nilikuwa darasa la pili. Moto wa kiangazi uliunguza miramura yote, na mume wa Petronila alikuwa kibaruani Mwanza. Baba alipanda mipya peke yake, siku moja, haraka haraka. Mtoto wa kubeba maji nilikuwa mimi. Niliimwagilia mmoja mmoja, na baba akanisifu.

Na mama alijua. Ndiyo maana alipiga kelele sana.

Jumatatu, 10 Juni

Sijashona kitu. Sare ya kwaya imelala kwenye mashine.

Wa kushukiwa wamekwisha. Jovitus kanitumia gunia la vitunguu, dereva kalishusha bila maneno. Mwalimu kapiga simu kunisalimu tu, akauliza kama kadi imenipendeza. Hajaona chochote yule, yeye kaona askari na kofia.

Kadi nimeiweka karibu na jiko. Karatasi tu. Nikisema imeliwa na panya, nani atabisha? Nimeisogeza karibu zaidi, nikaitoa. Naona aibu. Naogopa pia — wakimchimbia kigingi mama kwenye kiwanja cha watu, nitamwombea wapi?

Jumanne, 11 Juni

Wapimaji wako nyumba ya tatu juu yangu. Nasikia nyundo.

Bibi Petronila kaja mapema, anapapasa na fimbo. Kakaa sebuleni kwangu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za Irine. Mimi namsubiri aanze vita, maneno ninayo tayari.

Akasema: "Waitu, mwenzetu, Mama Irine, nasikia una picha ya mpaka wetu. Gidioni alitaka kunitafutia mtu wa kuniangalizia, nimemkatalia. Mimi sioni, wewe unaona. Utakachoniambia ndicho nitakachokiwekea dole gumba."

Nilimtazama usoni nitafute mtego. Nimezoea kuupata. Nimetafuta sana leo.

Nikamwambia, subiri kidogo mama, nikachukue miwani.

Ndiyo niko chumbani sasa, nimekaa kitandani, kadi mapajani. Nyundo imehamia nyumba ya pili. Gidioni anaita jina langu barabarani. Bibi naye anauliza kutoka sebuleni, kwa ile sauti yake ya pole pole, kama nimeiona miwani au anisaidie kutafuta. Yeye, na macho yale!

Miwani ipo usoni pangu.