Chungu Ulichokivunja

Kijijini, jirani na Kyotera, Uganda
Jumatano asubuhi

Mama Masanja,

Pokea salamu kutoka upande wa pili wa ziwa. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo halikupenda kiti cha basi. Nawe je, kifua kimeacha kukubana? Na mvua imefika Usagara, au bado mnaitazama ikinyesha kwa majirani? Barua hii anaichukua dereva wa lori la kahawa anayeteremka Bukoba. Ataikabidhi kwenye meli ya Mwanza. Isome mwenyewe, polepole, kama ulivyosoma siku zile za kisomo cha watu wazima. Usimpe mtu akusomee.

Najua unatafuta jambo moja tu: nakuja na mtoto au siji naye. Siku ya kuondoka uliniambia, "Ukimwacha huko, nitakuwa nimemzika Masanja mara mbili." Neno hilo nimesafiri nalo. Nitalijibu, lakini nataka ulifikie jibu kwa njia niliyopita mimi, maana bila njia hiyo halitaeleweka.

Uliona nilivyohangaika na hati ya kusafiria. Zamani mtu wa kawaida akitaka kuvuka mpaka aliulizwa kwanza anakwenda kutafuta nini ambacho hapa hakipo. Siku hizi wameachia. Unahitaji picha, kiapo cha mahakamani kama huna cheti cha kuzaliwa, na barua ya mtendaji wa kata yenye mhuri. Kisha unangoja bila kununa. Kadi ya manjano ya chanjo usiiweke chini ya begi kama nilivyofanya, kwa sababu mpakani Mutukula waliitaka kabla ya kitu kingine, nami nikatoa nguo zangu zote mbele za watu. Fedha hubadilishwa dukani, mchana kweupe, na hakuna anayekukimbiza. Yashike haya. Siyaelezi kwa mazoea ya ualimu tu.

Nimevuka mpaka wa nchi kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka sitini na mitatu, peke yangu, na sitakuficha kwamba nilifurahi. Hakuna aliyenijua. Kyotera nilikula ndizi zilizopikwa ndani ya majani yake zenyewe, na mchuzi wa karanga, nikaongeza sahani ya pili bila mtu wa kuniuliza kama nimeshiba. Lakini barabara ile ndiyo aliyopita Masanja na bunduki. Kila kilima nilijiuliza kama ndicho alichokipanda kwa miguu, mimi nikiwa nimeketi.

Huku Kiswahili kililetwa na wanajeshi, wale wa Amin na wale wetu, kwa hiyo nilipouliza njia ndani ya basi watu walinyamaza. Mzee mmoja akanigeukia.

"Wewe mwanajeshi?"

"Mwalimu."

"Wa somo gani?"

"Jiografia."

"Na umepotea?"

Basi zima lilicheka, na baada ya hapo walinielekeza wote kwa pamoja.

Mwenyekiti wa kijiji aliisoma barua yangu ya utambulisho mbele na nyuma. "Nyinyi Watanzania," akasema, "hata kwenda kumwona mjukuu mnapigiwa mhuri." Kisha akanisindikiza hadi kwa bibi mzaa mama wa mtoto wetu, ambaye hapa kila mtu humwita Jaja, yaani bibi. Mtoto mwenyewe anaitwa Restituta. Njiani migombani kuna makaburi mengi ambayo udongo wake haujashuka. Mama yake mtoto amelala katika mojawapo. Sikuuliza kwa ugonjwa gani, na Jaja hakuniuliza Masanja alikufa kwa nini.

Sasa nisikilize kwa makini. Unakumbuka Masanja aliporudi kutoka vitani alitwambia wazi kwamba ameacha mtoto wa kike huku. Kaka Lukas akasema kama tunavyosema Wasukuma wote: mtoto ambaye hamkumtolea ng'ombe ni wa wajomba zake, na ukimfuata unakwenda kuiba. Wewe ulilia. Mimi, pamoja na kusoma kwangu, nilinyamaza miaka kumi na minne, nikidhani kunyamaza huko ni heshima. Hata safari hii nimekuja kama mgeni, kuomba nimwone tu.

Jaja alikuwa ameketi mlangoni akimenya maharage. Macho yake yana ukungu. Alinigeuzia sikio badala ya macho. Wakati wa vita aliwauzia chai askari wetu, na Kiswahili alichokipata kwao amemfundisha na mtoto.

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa, mama."

"Nimengoja watu wa Masanja mpaka macho yamekwisha. Nikasema, watu hawa wamemkataa mtoto."

"Hatukumkataa. Tuliogopa kumwiba."

Aliacha kumenya. "Mtu anaibaje mtoto wake?"

Nikamweleza desturi yetu ya ng'ombe. Alisikiliza hadi mwisho, kisha naye akanieleza ya kwao, na nakuandikia kama alivyosema. Kwao mtoto ni wa ukoo wa baba, hata kama baba hakuleta kuku mmoja. Restituta si wa ukoo wa Jaja. Jaja hawezi kumpa jina la kwao, kwa maana atakuwa amedanganya. Ana jina la ubatizo tu, na katika daftari la parokia nafasi ya baba iko tupu. Siku akichumbiwa ataulizwa ni wa ukoo gani, na ukoo huo hauli nini, kwani huku watu wenye mwiko mmoja ni ndugu na hawaoani. Asipojibu, hakuna nyumba itakayompokea.

Umeona, Mama Masanja? Sisi tulikaa kwetu tukisema ni wao, wao wakakaa kwao wakisema ni wetu. Katikati yetu mtoto alikuwa anakua.

"Basi sema," Jaja akaniambia. Restituta alikuwa amesimama nyuma yake, mrefu, na paji la uso la Masanja kabisa. "Hamli nini?"

Mimi mzee wa kanisa, mwalimu wa miaka thelathini, sikuujua mwiko wetu. Mambo hayo niliyaweka kando nikiwa kijana, nikiyaita ya kizamani. Mtoto alianza kutazama chini, kama mtu aliyezoea kutojibiwa.

Ndipo nikakukumbuka wewe. Mwaka wetu wa kwanza, jirani alituletea paja la pongo aliyemnasa porini. Nilitoka shule nikakuta hujawasha moto. Ukasema, "Mama yako alinikataza kabla sijavuka mlango wenu. Pongo hapikwi humu." Nikakucheka. Nikachukua chungu chako kipya, nikapika mwenyewe, nikala mbele yako. Asubuhi ulikitoa nje ukakivunja juu ya jiwe, na hukusema nami siku mbili. Sikukuomba radhi siku ile. Nakuomba leo.

Nilimweleza Jaja yote, hata kwamba nilikula.

"Alikivunja? Kipya?"

"Kipya."

"Basi huyo mwanamke ndiye anayejua. Wewe umesoma tu." Akamgeukia mtoto. "Umesikia? Wewe huli pongo. Na hapa wako watu wasiomla. Hao ni ndugu zako, usiolewe kwao."

Restituta akafikiri. "Mimi sijawahi hata kumwonja."

"Umeanza vizuri kuliko babu yako," Jaja akasema, na tukacheka wote watatu, na mimi nikaenda kusimama migombani kidogo.

Jumamosi Restituta alinipeleka kuuona mstari wa Ikweta, mbele ya Masaka. Miaka yote ile nimeuchora ubaoni bila kuuona. Nilisimama mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, nikamweleza habari za jua na majira. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Babu, mbona ni rangi tu?" Nikamwambia ndiyo, ni rangi tu, lakini watu wamekubaliana. Ni siku ambayo sitaisahau.

Sasa jibu lako. Siji naye. Nilimuuliza yeye mwenyewe, Jaja akiwa shambani, akaniambia, "Nikiondoka, nani atamwambia Jaja aliyeingia ni nani?" Naamini wewe pia usingemtoa pale. Ninakaa hadi Jumapili ya pili, padri aandike jina la Masanja katika ile nafasi tupu. Tumekubaliana hivyo.

Jina la ukoo sikumpa. Jaja alinikataza. Alisema, "Hilo lije na mwenye chungu." Nikirudi nitakusindikiza hadi bandarini, na ukitaka tufuatane nitakuja, ila ujue kwamba aliyeitwa ni mmoja.

Mfikishie kaka Lukas shikamoo yangu, umwambie sikuiba mtu. Msalimie shemeji anayetutazamia mbuzi, katekista wetu, na mama jirani anayekuletea maji. Mwambie kamba yake ya kisima nimeikumbuka.

Masanja umemzika mara moja tu, mama. Yuko hapa anachota maji, anaimba vibaya vilevile kama zamani.

Kesho nenda mjini ukapige picha. Na kadi ya manjano, uiweke juu.

Ni mimi mumeo,
Baba Masanja