Magauni Yangu Yote Yamekuwa Marefu

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi niamkie mimi kwanza ndipo unisaidie, maana nina miaka sitini na mitatu na nimefanya jambo la kitoto. Mimi ni fundi cherehani, nashona magauni na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, yeye anakata mimi naunga, miaka ishirini na mbili chumba kimoja na hatujawahi kugombana ila kuhusu redio iwekwe stesheni gani. Sasa mwaka jana nikaona gauni langu jipya linafagia sakafu, nikalipunguza nikanyamaza, likaja la pili nalo linafagia, na la tatu, na vipimo vyangu viko kwenye daftari tangu tuanze kazi, nikasema huyu wifi ama macho yamekwisha ama anataka nijikwae, nikamwambia mbele ya wateja wawili, "Wifi, kama umechoka kukata sema, usiniue kwa pindo!" Akaweka mkasi mezani, akasema, "Haya, mwenye macho na akate," akaondoka, wiki ya tano hii hajarudi.

Kumbe siku chache baadaye nainama kuinua jora la kitambaa, mgongo ukalia ka, nikashindwa kusimama, hospitali wakanipiga picha, daktari akasema pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea, mifupa imepungukiwa nguvu na ndani imejaa vitundu, akanisimamisha ukutani akanipima, nimepungua sentimita tano! Mimi ndiye niliyefupika, gauni halina kosa. Nikapewa kidonge cha kumeza mara moja kwa wiki, nikawa nakimeza kitandani kwa funda la chai kisha nalala tena, kifua kikawaka moto, nikakiacha. Siku hizi natembea kwa kunyatia nisije nikavunjika kama sahani, na wifi naona aibu kumwambia, atanicheka mpaka akae chini. Mama yangu naye alipinda hivi hivi akavunjika nyonga, labda ni uzee tu, niache? Nifanyeje?

Fundi Mfupi

*

Shikamoo, maana umenizidi, ila heshima inakomea hapo. Kila mteja unampima anapokuja kushonesha, halafu wewe mwenyewe unatumia vipimo vya miaka ishirini na mbili iliyopita? Pole kwa mgongo, najua maumivu yake si mchezo. Lakini usiniambie ni uzee tu. Mwanamke akishakoma hedhi mifupa hupoteza nguvu upesi, na wewe ambaye mama yako alivunjika nyonga ulikuwa wa kupimwa mapema. Ugonjwa huu mara nyingi hauumi mpaka mfupa uvunjike, ndiyo maana uliingia kwako bila hodi.

Kile kidonge hukukimeza, ulikichezea. Humezwa asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha unakaa wima nusu saa, hakuna chai, hakuna kulala. Ila kwa kuwa kifua kimeshawaka, usianze tena kwa kunisikiliza mimi. Rudi kwa daktari umwambie ukweli wote, hata ule wa kitandani. Kikishindikana zipo dawa nyingine, hata za sindano. Muulize pia kama unahitaji kalsiamu na vitamini D, na mazoezi gani yanakufaa, maana mfupa usiofanya kazi huzidi kudhoofika. Tembea, mama! Kunywa maziwa, kula mboga za majani na samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao. Majora usiyainue tena. Na hicho chumba chenu nakiona kutoka hapa: mabaki ya vitambaa sakafuni, waya wa pasi umekatiza njia. Yaondolewe yote, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa ya wifi. Unaogopa kuchekwa? Atacheka, ni haki yake, ni wifi. Lakini fikiri kidogo: mtu mwenye mifupa kama yako anashona peke yake chumbani, ukianguka leo nani atakusikia? Na huyo wifi yako umemwaibisha mbele za watu, naye hakukosea hata nusu inchi. Usimpelekee zawadi wala usimtume mtu. Kama si mbali nenda kwa miguu, mazoezi yenyewe ndiyo hayo, na akikufungulia mlango usianze na habari za mgongo wako. Anza hivi: "Wifi, ulikata sawa."