Gegedu la Mkia wa Ng'ombe

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Alhamisi, Julai. Jua limetoka lakini halipashi joto. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinagoma kuandika kwenye simu.

Nina hasira. Niiandike kabla kikohozi hakijanikatiza.

Daktari wa Lilongwe alinionyesha picha ya mapafu yangu, akanieleza polepole kama anavyoelezwa bibi kizee asiyejua kitu. Nilimwacha amalize. Nilikuwa nafundisha tishu unganishi, zile zinazoushikilia mwili pamoja, Bukavu kabla yeye hajazaliwa. Najua kilichomo mle: nyuzi za kolajeni, zilezile zinazoufanya ukano mwembamba ubebe mtu mzima, zimejaa mahali pa hewa. Mvua za mwaka huu sitaziona.

Ndiyo maana naungama. Nimemtendea mtu ubaya, na nilikusudia.

Hapa hatuna hadubini. Vijana wanaojiandaa kwa usaili wa uuguzi huja kwangu na vipande vya ng'ombe na mbuzi kutoka soko la Mponela, tunavipanga kwenye sinia. Kanuni yangu ni moja: usitaje jina kabla hujavuta, hujakunja, hujakata. Ukano ukiuvuta kwa urefu haukubali, kwa kuwa nyuzi zake zimelala upande mmoja. Ngozi inakataa pande zote, zake zimepishana. Sikio la mbuzi unalikunja, linarudi lenyewe. Mafuta yanabonyea. Gegedu la ncha ya mfupa ni laini, linang'aa, kisu kinapita. Lile la kati ya pingili za mkia ni jingine kabisa: lina nyuzi, kisu kinakwama. Na damu nayo ni tishu unganishi. Wote huisahau damu, kwa sababu walikariri orodha kwa Kifaransa huko nyumbani Kongo na vidole vyao havikuwahi kusoma chochote.

Ansima alikuwa bora kuliko wote. Nilimpenda yule binti, nasema wazi.

Kisha siku moja mwezi uliopita, tukiosha sinia, akaanza kuisifu nyumba ya babu yake Bukavu. Baraza la saruji nyekundu. Milango ya kijani. Juu ya mlango wa mbele, jua lililochongwa kwa mbao.

Lile jua alilichonga mume wangu.

Babu yake alikuwa fundi katika maabara yetu, na jirani yetu. Watu wenye bunduki walipoingia mtaani, yeye ndiye aliyewanyooshea kidole mlango wetu. Nilimwona kwa macho yangu. Mume wangu walimchukua, hakurudi. Mimi nilikimbia na nguo nilizovaa, na yule bwana akahamia nyumbani mwetu. Jina lake sitaliandika hapa. Asipate hata hilo kutoka kwangu.

Bado yu hai. Anakunywa chai kwenye baraza langu.

Mjukuu wake ndiye fahari yake. Nikaamua asifaulu.

Siku chache kabla ya usaili nilimwita peke yake. Nikamwambia gegedu la kati ya pingili ni laini, sawasawa na la ncha ya mfupa. Alinitazama, akanyoosha mkono achukue kisu. Nikamwambia, weka kisu chini, mimi si nimeshakwambia? Nikaongeza kwamba damu si tishu, ni maji tu yenye chembe. Akaandika yote.

Nililala usingizi ambao sijaupata tangu Bukavu.

Jana alipanda basi dogo kwenda Lilongwe. Kutwa nzima nilikuwa nawaza babu yake akipigiwa simu na kuambiwa mtoto ameanguka. Niliusikia ukimya wake. Ulinipa hamu ya kula. Nilimaliza sahani nzima ya nsima, ugali wa huku.

Leo asubuhi Ansima kaingia bila kubisha.

"Mama Mwalimu! Banikubali! Banikubali, mi njo nurse wako sasa!"

Akakaa kitandani, miguuni pangu, akasimulia kwa Kiswahili cha Bukavu jinsi alivyofaulu. Waliwekewa mezani pingili za mkia, glavu na kisu. Alitaka kujibu nilivyomwambia, lakini mikono yake ilishazoea kutangulia.

"Nikakata, kisu ikakatala kupita. Nikasema hapana, hii iko na nyuzi. Na damu pia niliiweka ku orodha ya tishu. We mwenyewe ulitufundisha vile, kule mwanzo."

Halafu akanishika mkono, akashusha sauti.

"Usijisikie mubaya, Mama. Sikuambia batu kama ulikosea. Nilijua njo bugonjwa, kichwa inachoka. Hata babu yangu ku Bukavu anasahau. Siku zingine hanijue ku simu."

Nikageukia ukutani. Akadhani nimesinzia, akanifunika blanketi, akatoka kwa kunyata.

Ningesema nimeona aibu, lakini hii ni shajara yangu na sina sababu ya kudanganya humu. Niliona hasira tupu. Yule mzee amesahau! Nani sasa atamlipisha, na kwa lipi? Na mimi nimewekwa naye kapu moja, wazee wawili wa kuhurumiwa. Nikifa, Ansima atasimama mbele ya watu aseme kwa upole kwamba Mama Mwalimu alianza kupotewa na akili mwishoni.

Sijapotewa na kitu. Nakumbuka hata shati alilovaa mume wangu.

Sijamsamehe yule mzee, na mchungaji asije hapa kuniomba hilo. Kuhusu Ansima, sijui ninachohisi, na pumzi zilizobaki hazitoshi kukitafuta. Najua jambo moja tu: sitakubali huruma yake.

Kesho akiniletea uji nitamwambia akae. Nitamwambia babu yake alifanya nini, na kwamba sikukosea hata neno moja siku ile. Nilimfundisha uongo nikiujua kuwa ni uongo.

Atanichukia. Na anichukie, mradi ajue anayemchukia ana akili zake timamu.