Jani la Isale Lililonyaukia Begini

Mshauri mpendwa, kwa heshima na taadhima naomba msaada wako, mimi Gladness, mhitimu wa shahada ya sosholojia, mkazi wa Soweto, Moshi, niliyelelewa Mkuu Rombo na Bibi Mektrida, mzaa baba yangu, mwanamke ambaye naona fahari kumtaja mbele ya msomi yeyote, kwani ana miaka themanini na minne na kila alfajiri hufagia uwanja akisema, "Yule mgeni asiyebisha hodi asinikute na takataka," gauni lake la kuzikiwa amelipiga pasi mwenyewe, na kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, amenionyesha mahali atakapolala, akacheka, "Hapa hapa, mjukuu wangu, ila msinikatie mgomba wangu wa mchare, bado mchanga!"

Mwezi uliopita alichuma jani la isale, mmea wetu wa mipaka na wa kuombea radhi, akalipiga fundo, akaniagiza nimpelekee jirani yake, Bibi Magdalena, ambaye hawajasalimiana naye kwa miaka kumi na tisa kwa ugomvi wa mpaka, akasema, "Mwambie masale ya mpakani niliyasogeza mimi, hatua mbili. Akilipokea hilo nimemaliza, hata kesho niko tayari," na neno hilo "nimemaliza" likanitia hofu, kwa kuwa kimila aombwaye kwa isale hakatai, nikahisi nitakuwa nimemfungulia bibi yangu kaburi, nikalificha begini, nikateremka nalo Moshi, na kila apigapo simu kuuliza, "Amesemaje?" namjibu kwamba Bibi Magdalena amesafiri, ilhali jani limekwisha kunyauka. Je, upendo wangu si hoja ya kutosha?

Gladness, Soweto

Gladness,

Shahada yako nimeiona, hongera. Iweke kando kidogo tusemezane.

Una bibi wa kujivunia, na hofu yako naielewa. Nani anataka kumpoteza mtu kama huyo? Lakini hebu niambie, miaka yote hiyo anafagia akimngoja mgeni, ufagio umemuua? Gauni limemuua? Basi jani litamuuaje? Mwanamke huyu anaamka kila siku akiwa tayari, ndiyo maana anacheka mbele ya kaburi lake. Wewe umempokonya kicheko hicho, ukampa uongo wa safari. Uwanja wake wote ni safi. Takataka pekee iliyobaki umeificha wewe begini.

Tena umemsahau Bibi Magdalena. Naye ni mzee. Nani amekuahidi kwamba atasubiri? Na wewe binti, nani amekuahidi Jumapili?

Jumamosi hii panda Rombo. Jani kavu usimpelekee mtu, ni kejeli. Mwamkie bibi yako shikamoo, umweleze ukweli wote bila istilahi za chuoni, kisha mwombe achume isale jipya na kulipiga fundo kwa mkono wake. Ulipeleke mchana huohuo, na zile hatua mbili uzitamke kama alivyozitamka yeye.

Kabla hujatoka uwanjani, chuma na la pili. Hilo ni lako, mpe bibi yako kwa magoti. Kimila hatakataa.

Ukiamka Jumapili, mpokee ufagio.