Sanduku la Miguu la Raelene Haslam

KITUO CHA POLISI WUDARRA, AUSTRALIA KUSINI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ivor Kleinig. Umri: miaka 68. Kazi: seremala mstaafu. Makazi: Mtaa wa Reli, Wudarra.

Naeleza niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Marehemu Trevor Haslam, mkulima wa ngano, alikuwa rafiki yangu. Raelene ni mke wake. Nimekuja kwa sababu Neville, ndugu wa marehemu, anasema baani kwamba Raelene ndiye aliyemuua.

Mwaka juzi, mwezi Machi, Trevor alikuja karakanani kwangu na mkewe. Ndege yake ndogo ina pedali za usukani wa mkia mbele ya viti vyote viwili vya mbele, na zimeunganishwa: abiria akikanyaga ya kwake ya kushoto au ya kulia, ndege inageuka upande huo. Raelene huogopa kutua na hufumba macho. Siku iliyotangulia alikuwa amezikanyaga kwa woga. Trevor akasema, "Nifunikie zile pedali, Ivor, kabla huyu mama hajanizika."

Raelene akamjibu, "Nikuzike, halafu kondoo wako alishe nani?"

Nilitengeneza sanduku la plaiwudi lenye mteremko juu, nikalivika zulia la kahawia nililolitoa kwenye karavani yangu. Ndani niliacha nafasi ili pedali zitembee hadi mwisho bila kugusa mbao. Nililifunga kwa mikanda miwili kwenye reli ya kiti ili litoke haraka likihitajika kutoka. Tulilijaribu, likafanya kazi yake.

Baada ya hapo Trevor alizoea kufanya mzaha. Kila alipotaka kugusa ardhi alimwambia, "Haya mama, kanyaga breki," naye Raelene alilisukuma lile sanduku kwa nguvu zote, macho kayafumba. Niliwahi kuruka nao nikiwa kiti cha nyuma. Wakishatua, Raelene huuliza, "Nimeishusha vizuri?" Trevor humjibu, "Kunishinda mimi."

Mnamo tarehe 14 Juni, Ijumaa, mkufunzi wa klabu yetu ya ndege alimpima Trevor urushaji wake. Mkufunzi hukaa kiti cha kulia, cha abiria, na anazihitaji pedali. Trevor alilitoa sanduku mbele yangu, akaliweka kwenye meza ya chai ya klabu.

Mnamo tarehe 15 Juni walikwenda Port Lincoln kumwona mjukuu mchanga. Sikuwapo walipoondoka. Mimi nilifika klabuni saa tisa alasiri kurekebisha bawaba ya mlango, nikaingia kuchemsha maji. Sanduku lilikuwa palepale mezani. Zulia lake limebonyea sehemu mbili, visigino vya Raelene vilipozoea kukaa.

Redio ya klabu huachwa wazi. Birika lilikuwa halijachemka niliposikia Trevor akitangaza kwamba anatua. Kidole chake kilibaki kwenye kitufe cha kusemea, maana sauti haikukatika. Nikamsikia akicheka, kisha, "Haya mama, kanyaga breki."

Nilishika kipaza sauti, nikasema, "Trevor, sanduku liko huku." Sidhani kama alinisikia; kitufe kikibanwa, redio ya ndege haipokei.

Niliona kwa dirisha. Ndege ilikuwa imeshavuka uzio. Ilipinda kushoto ghafla, bawa likachoma ardhi. Raelene aliwahi kufanyiwa upasuaji wa goti la kulia, miaka mingi kabla. Mguu wake wenye nguvu ni wa kushoto. Kwenye sanduku jambo hilo halikuwa na maana yoyote.

Nilifika nikikimbia. Trevor alikuwa ameshakufa. Raelene alikuwa hai, kiuno kimevunjika, macho bado kayafumba. Aliniuliza, "Nimeishusha vizuri?"

Sasa yuko hospitali na hakumbuki. Kila nikienda ananiuliza kama sanduku lilikuwapo, na kila mara namwambia apumzike. Jana Neville alimfuata hadi kitandani na maneno yake. Ndiyo maana nimekuja leo. Sauti niliyoisikia redioni ilikuwa ya Trevor na hakuna mwingine aliyeisikia.

Ninayoyajua yameishia hapo, na nimeyatoa kwa hiari yangu.

(Sahihi) I. Kleinig

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi naye amethibitisha. Niliandika "kosa la abiria" mahali pamoja. Aliomba nifute na nisiandike kitu mahali pake. Sanduku limepokelewa kama kielelezo. Shahidi aliuliza ni nani atakayemweleza Bi. Haslam kwamba sanduku halikuwamo ndegeni. Nilimwambia ni kazi ya polisi. Alisema hapana, akachukua kofia yake akaelekea hospitali.

Sajenti T. Mulcahy