Neno Nililojaza Kwenye Fomu ya Mjomba

Mjomba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza bila hiyo utanikunjia uso hata huko uliko.

Ni miezi minne tangu tukuzike. Genge lako la mboga halipo tena. Soko zima la Kariakoo limevunjwa, wanajenga jipya la ghorofa, na wenzako wamesogezwa pembeni wanapigwa na jua. Mama anamlilia kaka yake jikoni, akidhani simsikii.

Nami nina neno ambalo sikukwambia.

Unakumbuka nilipokuwa na miaka minane, ulipokuja kunichukua tupande mlima wetu kule Uluguru? Ukaniambia, "Usitazame kilele, mpwa wangu. Tazama kisigino changu." Nikatazama kisigino chako chenye nyufa tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Tulipofika juu, ukungu mtupu! Nikalia. Wewe ukacheka mpaka ukakalia upupu, ukateremka unajikuna njia nzima.

Kisha serikali ikaufunga msitu wa mlima ule, kulinda chanzo cha maji. Maji yake tunayakinga bombani hapa Ilala, ila sisi wenye mlima hatupandi bila kibali.

Miguu yako ilipoanza kuvimba ukasema unataka kupanda mara moja tu, kabla haijakataa kabisa. Ukaniita mimi, msomi wa nyumba, mpiga chapa wa ofisini. "Andika naenda kutambika kwa bibi, mzimu wa ukoo wetu kule kileleni." Nikaona haya, Mjomba. Nikasema moyoni, watatuona washenzi. Kwenye fomu ya kibali, penye sababu ya safari, nikajaza: matembezi.

Karani wa vibali alisoma, akanirudishia fomu dirishani. "Dada, huu ni wakati wa kazi, si wa matembezi." Nilipogeuka kuondoka akaongeza, kwa upole kabisa, "Wanaokwenda kutambika tunawapa siku tatu. Wewe hukusema."

Nilirudi nyumbani nikakwambia wamekataa. Basi, hayo tu. Ukamlaani yule karani, ukasema asife kitandani kwake. Nikakupa uji.

Ningeweza kujaza nyingine siku ileile. Lakini ungeniuliza kwa nini sasa wamekubali, na mimi ningejibu nini? Nikapanga nikwambie Jumapili. Ijumaa ukafa.

Jana nimemwambia Mama. Hajanisemesha tangu hapo, na chakula changu anakiacha mezani kama cha mpangaji. Sina wa kumlaumu. Elimu gani hii ya kumwonea haya bibi yako mwenyewe?

Mvua zikiisha nitapanda, kwa kibali, na sababu ya kweli imeandikwa. Mimi ni wa ukoo wako, bibi atanijua. Nitaiondoa laana yako kwa yule karani, maana hakutukosea kitu, halafu nitamtajia bibi jina la aliyeistahili.

Kwaheri, Mjomba. Pumzika. Ila usinisamehe haraka.

Mpwa wako