Damu Uliyosema Ni ya Ng'ombe

Papa,

Ningeweza, leo ningekufukua. Ningekuja mpaka Kajiado na jembe, nikutoe hapo ulipolala, nikushike kola ya lile koti jeusi tulilokuzika nalo na nikutikise mpaka meno yagongane. Usishtuke. Ni wewe uliyenilea, na kwetu hakuna aliyefundishwa kukasirika polepole.

Nakukumbuka ukirudi kutoka kichinjioni, mbwa wa Kitengela wakikufuata kwa harufu. Sisi watoto tulikimbia kukuinamishia vichwa utuguse, na mkono wako ulikuwa mzito, damu imekauka kwenye kucha. Niliupenda mkono huo. Ulinifundisha jinsi fahali anavyoangushwa: kamba mguuni, bega kwenye mbavu, kisu mara moja. "Usimbembeleze," uliniambia. "Ukimbembeleza anateseka." Shuleni nilimng'oa msichana mmoja nywele kwa sababu alikuita muuaji.

Suruali zako Mama alizifua jioni kwa maji baridi na sabuni ya kipande. Maji yaligeuka mekundu, na nani angeuliza? Mchinjaji akirudi bila damu ndipo watu huuliza. Hapo ndipo ulipojificha, Papa, mahali ambapo mwanamume mwingine yeyote angeshikwa wiki ya kwanza. Damu yako mwenyewe ilikuwa inatoka, inachanganyika na ya ng'ombe, na sisi tunaimwaga yote pamoja nyuma ya nyumba.

Na choo je! Uliingia choo cha pamoja cha ploti ukakaa humo mpaka majirani wakapanga foleni. Mama wa nyumba ya pili alipobisha, ulitoka mishipa ya shingo imesimama, ukapiga ndoo yake teke ikapasukia ukutani. "Mtu hawezi kwenda haja kwa amani hapa?" Tulicheka, Mungu atusamehe. Wewe chakula chako kilikuwa nyama na ugali. Mboga za sukuma wiki uliwaachia mbuzi. Tumbo likifunga, ulichemsha magome ya mti wa olkiloriti kwenye supu, ukanywa, ukarudi kujikamua mpaka machozi. Ulisema hiyo ndiyo dawa iliyowatosha wazee wote.

Kisha ng'ombe wakashikwa na ugonjwa wa miguu na midomo, karantini ikawekwa, kichinjio kikafungwa. Hakuna aliyechinja hata kuku. Mama akaloweka suruali yako, na maji yakawa mekundu vilevile. Alikuletea beseni pale ulipokaa, akaliweka mbele ya miguu yako.

"Baba Lemayian," akasema, "leo umechinja nini?"

"Ni ya ng'ombe! Ni ya zamani, imekataa kutoka!"

Ulimpiga kofi akaangukia jiko, makaa na maji ya beseni yakamwagika. Nilikurukia mgongoni nikakuuma sikio. Ulinitupa ukutani kama gunia. Kisha ukakaa chini, ndani ya yale maji yaliyomwagika, ukajaribu kuinuka, ukashindwa. Mama, na shavu lake limevimba, ndiye aliyekushika kwapa akakuinua. Nilikuchukia siku hiyo, Papa. Na nilikuogopea, yote kwa pamoja.

Tulikupeleka hospitali. Daktari akavaa glavu, akakueleza kwa adabu kwamba atapima kwa kidole kule nyuma. Ulimkaba shingo mpaka macho yakamtoka, askari wa mlangoni wakaja wakakutoa kwa nguvu, nawe unapiga kelele kwamba wewe ni mwanaume. Uliporudi huko ulikuwa umebebwa kwa blanketi. Uvimbe ulikuwa umeziba utumbo. Saratani. Mtu aliyeangusha mafahali, nilikuwa nakugeuza kitandani peke yangu.

Na bado ukapata nguvu ya kumwapisha Mama. Tuseme ni fahali. Tuseme alikupiga pembe tumboni. Mchungaji akalisema hilo juu ya jeneza lako, na wazee wakaguna kwa heshima.

Sasa nisikilize. Mwaka huu tumbo langu pia lilifunga, na nikaanza kuona damu. Nyekundu kabisa. Nikajiambia ni bawasiri, tangu nilipojifungua. Nilipoenda kliniki hata daktari, mama mmoja mtaratibu, alisema kwa umri wangu huenda ni hiyo. Akanipima, akaanza kuniandikia dawa ya kupaka na kunishauri mboga na maji. Kisha akauliza, "Kwenu kuna mtu amewahi kuugua saratani ya utumbo?"

Kiapo chako kilinijaa mdomoni. Nilitaka kusema hapana. Nikakutukana kimoyomoyo, tusi ambalo siwezi kuliandika hapa, na nikasema, "Babangu. Ilimuua."

Aliweka kalamu chini. Wakanipitisha kamera kule nyuma, mpaka ndani ya utumbo. Bawasiri ilikuwepo, lakini ndani zaidi walikuta kinyama kidogo kama harage, wakakikata nikiwa nimelala. Kilipopimwa, hakikuwa saratani bado. "Kingeachwa, kingeweza kuwa," daktari akaniambia. Nilitoka nje nikapiga pipa la taka mateke mpaka kidole kikavunjika kucha. Kwa sababu hata chako, Papa, huenda siku moja kilikuwa harage! Harage tu! Na wewe ukakitunza na kukilinda kwa ngumi.

Sikunyamaza. Niliwaambia wajomba, shangazi, kila mtu. Jana Lemayian, mtoto wako wa kiume, akaja kutoka Kajiado na rungu.

"Umemvua Papa nguo mbele ya watu!" Alivunja kioo cha dirisha, akavunja kabati la vyombo. Mama akawa anapiga nduru. Nilishika kisu cha nyama, nikasimama mbele yake.

"Sema ni fahali," akaniambia.

"Sisemi."

"Sema!"

"Ni kansa ya utumbo, Lemayian. Niue, itabaki kansa ya utumbo."

Aliinua rungu. Alikuwa na uso wako kabisa, ile mishipa, ile taya. Nilingoja linishukie kichwani. Lilikaa hapo juu, na akaniuliza kwa sauti ambayo sijaisikia tangu akiwa mtoto:

"Hiyo kamera... inauma?"

Nilitupa kisu, nikamshika. Alilia juu ya bega langu, vigae vya sahani chini ya miguu yetu, na Mama amesimama mlangoni mkono mdomoni. Lemayian naye ameona damu tangu mvua zilizopita. Hakuna aliyejua, hata mke wake.

Kesho naenda naye. Akimkaba daktari, nitamkaba yeye. Huyu humpati, Papa.

Lala. Nakupenda, na sijakusamehe.

Ni mimi,
binti yako mkubwa